Kibao cha Bwana Afya

Nikiona kibao cha biashara kilichopigiliwa misumari ukutani, hadi leo nasonya. Wanangu huniambia niyaache hayo, ni ya zamani. Siyaachi.

Miaka ya sabini nilikuwa nauza wanzuki, pombe ya asali, nyumbani kwangu Makanyagio, mjini Mpanda. Mume wangu alikwisha kufa, na pombe hiyo ndiyo iliyowalisha watoto. Asali haiji kila siku kutoka porini, kwa hiyo na pombe haikuwapo kila siku. Ikiiva, nilichomeka tawi bichi la mpera kwenye paa la nyasi, upande wa njia. Ikiisha, nalishusha. Basi. Wapika pombe wote tulifanya hivyo, na mtu akitoka shamba Magamba na jembe lake begani alijua tangu mbali kama akate kona au aende zake kulala. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Ndipo tukaletewa bwana afya mpya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja tukaugua. Kijana wa soksi ndefu zilizovutwa hadi magotini, hata jua la Oktoba likiwaka. Alitukusanya wapika pombe uwanjani, akatusomea masharti: kila kilabu kiwe na kibao cheupe chenye maandishi meusi, kipigiliwe ukutani, kisitolewe, na kitu kingine chochote kisitundikwe nje ya nyumba. Matawi yetu aliyaita uchafu.

"Nchi inasoma sasa," alisema. "Mambo ya majani ni ya porini."

Nikamuuliza, "Na pombe ikiisha, bwana afya, kibao kitasemaje?"

"Kibao kinasema hapa ni mahali gani. Hakisemi habari za mtungi," akanijibu, na karani wake akacheka. Asiyeweka kibao angenyang'anywa leseni.

Nikaweka. Fundi seremala aliniandikia KILABU CHA POMBE, herufi nzuri kabisa, zikakaa ukutani mchana na usiku zikiita watu. Wakaja mafundi wa reli, wametembea na jua lote lile, wakakuta mitungi imefudikizwa.

"Mama, nyie mnatutania? Si mmeandika pombe?"

Walirudi tena baada ya siku chache, wakakuta vilevile. Baada ya hapo hawakuja, na ndipo pombe ilipoiva, nzuri, inachemka yenyewe mtungini. Nilikaa mlangoni na kata mkononi nikitazama njia. Watu walipita, wakakitazama kibao, wakaendelea na safari zao. Pombe ikaanza kuwa kali, kisha ikawa siki. Nikaimwaga nyuma ya nyumba, asali yote ile, na watoto wangu wakalala na uji mwepesi. Nililia kwa hasira, wala si kwa huzuni. Nilitamani mtungi mmoja ningeumimina ndani ya zile soksi.

Lakini masharti yalisema nje ya nyumba. Hayakutaja kichwa cha mtu. Pombe iliyofuata ilipoiva, nilichuma tawi la mpera, nikalichomeka kwenye kilemba changu, nikaenda bombani, nikaenda sokoni, nikafika hadi stesheni. Wapika pombe wenzangu walinicheka kweli.

"Kizuri chajiuza, dada, kibaya chajitembeza!"

"Changu kinajitembeza kwa sababu nyumbani kimezibwa mdomo," nikawajibu, nikapita zangu.

Jioni ile ua wangu ulijaa watu. Haukupita muda, wapika pombe wenzangu nao wakawa na majani vichwani. Bwana afya alikuwa akitupita na baiskeli yake, anafungua mdomo akemee, anaufunga. Akemee nini? Masharti yake alikuwa ameyatunga mwenyewe.

Jumamosi moja tukakutana uso kwa uso sokoni. Joto lilikuwa kali, shati limemganda mgongoni. Tangu alipohamia Mpanda hakuwahi kunipa shikamoo, mimi kwake nilikuwa "wewe mwenye kilabu." Siku hiyo, kabla hajasema neno, macho yake yalipanda kwanza kwenye kilemba changu. Hakikuwa na jani. Akameza mate.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Leo vipi?"

"Marahaba," nikamjibu. "Pita nyumbani, mwanangu, ukasome kibao."