Honi ya Pikapu ya Matano

Mwanapili alipotoka eda, aliifungua tena yadi ya spea kuukuu ya marehemu mumewe, Matano, pale Msambweni. Hata pikapu ya Matano aliing'oa akaiuza kipande kipande: taa, milango, usukani. Honi tu aliikatalia, ile ambayo mumewe alimpigia kila akirudi na vyuma kutoka Kikoneni, amfungulie lango.

Feisal, muuza mikate, alimsihi amuuzie honi hiyo aifunge kwenye pikipiki yake, mpaka akamchosha.

“Haya, ichukue, uniondokee!”

Kesho yake alfajiri honi ikalia nje. Mwanapili akakurupuka na kanga, akavuta komeo huku akifoka, “Naja, bwana, una haraka gani?”

Langoni alikuwa Feisal na mikate yake.

Mwanapili alijifunga kanga vizuri. “Siku utakayopita hapa bila kuipiga,” akamwambia, “nitaing'oa.”