Kidole cha Pacha kwenye Mashine ya Bahati

Watu wakimwangalia mwanangu wa kiume huniuliza kama alizaliwa na lile doa jeupe jichoni. Hakuzaliwa nalo. Alizaliwa na macho mawili safi, nyuma ya dada yake, na wakunga waliwageuza wote wawili wakasema ni wazima. Doa lilikuja baada ya shemeji yangu kutuletea mashine. Majina ya watoto siyataji. Ni pacha, na huku kwetu pacha hawachaguliwi majina, wanapewa ya zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kama wewe ni wa huku unayajua tayari.

Huyo shemeji alikuwa amekaa ng'ambo miaka mingi, kwenye nchi ambayo watu hucheza bahati nasibu kila Jumamosi jinsi sisi tunavyoenda kanisani kila Jumapili. Alikuja kumzika baba mkwe wangu. Baada ya mazishi akafungua sanduku, akagawa mashati, saa na sabuni za kunukia, na mume wangu akapewa kimashine cheusi, ukubwa wa kikokotoo tulichotumia shuleni, chenye kioo kidogo na vitufe vya nambari.

"Hii ni ya kuangalia tiketi," shemeji akasema. "Unaweka nambari zako, inakwambia kama umeshinda."

Akapanda ndege akaenda zake. Hakukaa kuona sentensi yake imefanya nini kwenye nyumba ya watu.

Mume wangu si mjinga, na sitaki msomaji afikiri niliolewa na mjinga. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha nguo mjini Kisumu mpaka walipopunguza wafanyakazi. Mwanaume aliyezoea kushika funguo za stoo akikaa nyumbani mikono mitupu, atashika chochote. Yeye akashika mashine. Akaamua kwamba inanasa nambari za ushindi hewani, kama redio.

"Inanasaje?" nikamuuliza. "Iko na waya gani?"

"Redio nayo iko na waya gani?"

Mashine ilikuja na karatasi ya maelezo, imekunjwa mara nyingi, kwa Kiingereza. Mimi nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza nilipita. Nilikaa chini nikaisoma yote. Ilisema wazi: mwenye mashine anunue gazeti, atazame nambari zilizoshinda, aziingize kwa mkono wake, kisha aingize za tiketi yake, nayo italinganisha. Basi. Ukitaka nambari za kubahatisha, kuna kitufe kinakupa za kubahatisha. Na kwa sababu hakuna aliyefuta kitu, nambari za ushindi zilizokuwa ndani ni zile alizoziweka shemeji mwenyewe, za Jumamosi moja huko kwao kwenye baridi. Mtu wa Otonglo, mtaa wetu, akileta tiketi yake ya Kenya, inalinganishwa na droo ya Wazungu iliyokwisha zamani. Tena tiketi zetu zina herufi mbele na nambari ndefu. Mashine haina hata herufi. Waliokuja kupima tiketi walikuwa wanaingiza mkia tu wa nambari, kichwa wanaacha nje.

Nikamweleza. "Baba watoto, hiki kitu hakijui chochote mpaka ukiambie."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ulisoma sana, lakini bahati haisomwi."

Ningemwacha na upuuzi wake kama ungekuwa wake peke yake. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Otonglo, nyuma ya soko, na mimi niliuza nguo za mitumba za watoto siku za soko. Mchuuzi mmoja wa samaki, jirani yetu wa mlango wa pili, alileta tiketi ipimwe. Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya magoti ya baba yake, akanyoosha mkono akabonyeza, kama mtoto yeyote anavyobonyeza kitu chenye vitufe. Mashine ikalia tii-tii. Mchuuzi akaiweka tiketi yake vizuri, na siku ya droo akashinda baiskeli.

Alishinda kweli. Baiskeli niliiona. Ilipita mbele ya mlango wangu kila asubuhi na kapu la samaki nyuma, na kila alipofika pale alipiga kengele. Sijawahi kuchukia kengele kama ile.

Kuanzia hapo mashine haikuwa tena mashine, ilikuwa mkono wa pacha. Sheria zikatungwa upesi, sijui na nani. Lazima wabonyeze wote wawili, mkubwa kwanza, mdogo afuate, maana pacha mmoja peke yake ni nusu. Lazima wawe wameshiba. Lazima wasilie. Ikilia, tiketi iko hai, unaitunza. Ikinyamaza, tiketi imekufa, unamuuzia mwenzio. Nikirudi kutoka sokoni nakuta benchi langu limejaa watu waliovaa viatu vya safari, wanakunywa maji yangu, na watoto wangu wa miaka miwili na nusu wanapokezanwa mapajani kama kibuyu. Mume wangu anafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, uso umetulia, kama siku zile za stoo.

"Baba, huyu mtoto amechoka," nilimwambia mzee mmoja.

"Ni moja tu, mama. Moja tu, mimi ni wa mwisho."

Kila mmoja alikuwa wa mwisho.

Kisha ukaja ugonjwa wa macho. Huja kila kiangazi, pamoja na vumbi na nzi, na nusu ya wapangaji wa ploti yetu waliugua. Mwanangu aliamka siku moja jicho la kushoto limegandana kwa tongo. Nikampeleka kliniki. Nesi alikuwa mkali, na nilimpenda kwa ukali wake. Akanipa dawa ya tyubu, akaniambia mikono ioshwe, mtoto awe na kitambaa chake, asishikwe na watu na asishike vitu vinavyoshikwa na watu. "Jicho si kidonda cha mguu," akasema. "Likiharibika, limeharibika."

Nilimrudishia mume wangu maneno hayo yote, polepole, nikiwa nimemwangalia usoni. Asishikwe. Asishike. Akasema sawa.

Siku ya soko iliyofuata mvua ilinyesha nje ya msimu, ghafla, nikafunga nguo zangu kwenye turubai nikarudi mapema. Nje ya ploti palikuwa na gari jeupe limeegeshwa juu ya sukuma wiki ya jirani. Ndani, kwenye kiti changu, alikaa bwana mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri, viatu vinang'aa, kitita cha tiketi kimefungwa kwa mpira. Mwanangu alikuwa mapajani pake. Jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia limeanza kuvimba, na kwa sababu mtoto hakukiona kitufe, baba yake alikuwa amemshika kifundo cha mkono anakiongoza kidole mahali pake.

Yaani aliona kwamba mtoto haoni. Aliona, akasaidia.

Nilifungua mdomo. Niliyoyasema sitayaandika, kwa sababu mama yangu anajua kusoma. Nilianza na yule bwana wa Milimani, tumbo lake na mama yake, nikapita kwa mume wangu na ukoo wake wote mpaka waliokufa, nikawamaliza waliokuwa kwenye benchi mmoja mmoja. Sauti yangu ilifika barabara ya Busia.

Wakacheka.

Sasa lazima nieleze, kwa sababu mtu wa mbali hataelewa. Huku pacha wakizaliwa, watu huja nyumbani wakiimba matusi. Matusi mazito, ya nguoni, wakwe mbele ya wakwe, na wazazi wanajibu kwa matusi, na hakuna anayekasirika. Yanaondoa mkosi. Yanaleta baraka. Mama wa pacha akikutukana, umeogeshwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimesimama pale mate yananitoka, na wao wanafikiri ninawabariki.

"Ongeza, Min Rude!" yule bwana alipiga kelele kwa furaha, akitumia jina la heshima la mama wa pacha. "Ongeza, mama! Mimi nimeacha kazi nikaja!"

"Mpe ya nguoni!" mwanamke mmoja wa benchi akasema, akipiga vigelegele. "Na mimi hujanitaja vizuri!"

"Nenda ukafe na tiketi zako!" nikamwambia.

"Amina!" akajibu.

Walicheka mpaka binti yangu naye akacheka, akapiga makofi. Nikatukana zaidi. Wakashukuru zaidi. Bwana wa Milimani akatoa noti akamfumbatisha mwanangu, kama desturi inavyotaka, na mtoto akaipeleka ile noti chafu moja kwa moja kwenye jicho kujikuna. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba nimefungwa. Mdomo ndio kitu pekee nilichokuwa nacho, na walikuwa wameshaufanya kitufe kimojawapo cha mashine yao.

Nikamchukua mtoto mapajani pa yule bwana, nikamshika dada yake mkono, nikachukua dawa na vitambaa. Mume wangu akaniuliza ninaenda wapi na mvua hii. Sikumjibu, kwa sababu hata jibu wangelipigia vigelegele.

Tulifika Port Victoria, kando ya ziwa, kwa mama yangu tukiwa tumelowa. Kwenye zahanati ya kule walimwangalia mtoto kwa tochi, wakaangaliana. Walituweka siku nyingi. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikauka na kuacha doa, na kupitia doa hilo mwanangu huona mwanga na kivuli, basi. Hakuna nesi aliyeandika kwamba ni mashine. Ninayesema ni mashine ni mimi. Vidole vya soko zima vilipita pale, kisha vya kwake, kisha jicho.

Mume wangu alikuja baada ya muda, na sukari na mkate, amevaa shati la mazishi. Mama yangu alimkaribisha vizuri, ni mkwe. Alimwekea kiti nje ya nyumba, mahali ambapo wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwani. Nikawaita watoto waje wamwamkie baba yao.

Binti yangu alikimbia mpaka magotini pake, akasimama. Hakutoa mkono. Alinyoosha kidole kimoja, amekikaza, akangoja. Kaka yake akafika nyuma yake, ameinamisha kichwa upande ili aone kwa jicho zuri, naye akanyoosha kidole.

Mama yangu akauliza, "Wanataka nini hawa?"

Mume wangu alicheka. Alicheka kwa upendo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ona!" akasema. "Hawajasahau kazi!"

Nilimwambia mama arudi jikoni tafadhali.

"Umekuja kuchukua nani?" nikamuuliza mume wangu. Sikupaza sauti.

"Watu wangu. Wewe na watoto."

"Mashine iko wapi?"

Mkono wake ukaenda mfukoni kabla hajaamua kama atadanganya.

"Ebu itoe. Nipe niitupe ziwani."

"Hii ni kitu ya marehemu baba, ilikuja na kilio chake."

"Ilikuja na ndege."

"Kwa hiyo unaniacha kwa sababu ya kikokotoo? Nitawaambia nini wazee?"

"Waambie mtoto wako haoni."

"Anaona na hilo lingine," akasema.

Nadhani alijuta neno hilo lilipotoka, kwa sababu alitazama chini. Lakini mkono haukutoka mfukoni. Nikamngoja. Mwanamke mmoja akageuza omena upande wa pili mpaka akamaliza mstari mzima, na mkono bado uko mfukoni. Nikawachukua watoto nikaingia nao ndani. Alirudi Kisumu na gari la jioni.

Siku chache baadaye muuza mitumba mwenzangu alinitumia habari: benchi limejaa tena. Mume wangu amepata pacha wengine, wavulana, ng'ambo ya barabara, bado hata hawajatembea vizuri.

Nilimbeba mwanangu mgongoni nikaenda Otonglo. Njiani nilikuwa nimepanga matusi ya kutosha kijiji kizima, lakini nilijua yatakavyopokelewa. Mama wa wale pacha nilimkuta akiosha vyombo mlangoni, msichana mdogo kuliko mimi. Aliponijua alisimama kwa shangwe. "Min Rude! Umekuja kunitukana? Karibu, karibu, nitukane!"

"Hapana, dada yangu," nikasema, kwa sauti ya mtu aliye wodini. "Nimekuja kukuonyesha kitu."

Nikamshusha mwanangu, nikageuza uso wake kwenye mwanga. Msichana alitabasamu bado, akingoja mzaha. Kisha akainama. Akapitisha mkono mbele ya jicho la kushoto, na jicho halikufuata. Akaupitisha tena.

Aliwaita wanawe kwa majina yao, yale yale tunayoyajua wote, na walipokawia aliwafuata huku mikono ina povu, akawaingiza ndani mmoja kwa kila kwapa. Alinitazama mara moja, kwa chuki kabisa, kana kwamba jicho lile ni mimi niliyelileta pale mlangoni. Kisha akafunga mlango, na mimi nikiwa nje.