Kuku wa Sufuria ya Chai

Leo nimesikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, nikamkumbuka dada yangu mdogo. Samaki walimvimbisha midomo mpaka akakosa pumzi, na kwetu kando ya ziwa kila sufuria ilinuka samaki. Alikuwa akishinda na uji tu. Jioni moja mama akachinja kuku, akampikia kwa vitunguu kwenye sufuria ya chai, ile pekee isiyowahi kuingia samaki.

Nyanya, mama yake baba, alikuwa anapara samaki wa ngege magamba. "Tangu lini msichana anakula kuku?"

"Tangu samaki imkatae, Mama," mama akamjibu.

Labda sikumbuki sawa, na sitaki kumsingizia nyanya. Wakati wake wanawake walikatazwa kuku. Aliweka ngege chini. Halafu akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akamchambulia dada paja, yeye mwenyewe bila kulamba kidole.