Chumba cha Nyasi Makambako

Nyumba yangu hapa kijijini Yakobi ina mapaa mawili. Sehemu kubwa ni bati, lakini chumba cha upande wa mashariki kimeezekwa kwa nyasi, na kila baada ya miaka michache natafuta mtu wa kukiezeka upya, ingawa wanaoijua kazi hiyo wanazidi kuadimika. Vijana wa kanisani waliwahi kujitolea kukiwekea bati, wakidhani nimeishiwa. Niliwashukuru, nikawapa chai, nikawaambia chumba kile ni cha mwanangu na hivyo ndivyo anavyokipenda. Habari yake inaanzia Makambako, wakati Mwingereza bado anatawala, kwa bibi mmoja ambaye hata leo namtaja katika sala zangu.

Mwanangu huyo ni wa tatu kuzaliwa. Alichelewa kutembea, na maneno hayakumjia kabisa. Lakini masikio yake yalikuwa makali mno. Sauti ambayo sisi wengine tuliisikia mara moja tukaisahau, yeye ilimwingia kama kitu chenye ncha. Mngurumo usiokatika haukumsumbua, wala mvua ya taratibu. Kilichomtesa ni kishindo cha ghafla, na zaidi ya vyote, bati. Bati likilia kwa upepo au kwa jua, alijiziba masikio, akapiga kelele na kukimbia popote miguu ilipompeleka.

Nyumba yetu ya Njombe ilikuwa ya nyasi, hivyo nyumbani aliishi kwa amani. Kanisa lilikuwa la bati. Kwa miaka mingi nilisali nje, nimeketi naye kwenye majani chini ya dirisha, nikiisikiliza neno kwa neno ibada ambayo sikuiona. Nilizoea. Bwana hakunikosa pale chini ya dirisha.

Nilichoshindwa kuzoea ni kukosa usingizi. Mtoto alikuwa akiamka na kutoka nje wakati wowote, nami nililala kama mlinzi, jicho moja wazi. Mume wangu alinisaidia sana, lakini alikuwa mwalimu na asubuhi watoto wa watu walimngoja. Mwaka huo wa Makambako nilikonda, nikaanza kuanguka kwa kizunguzungu. Muuguzi wa zahanati ya misheni alimwita mume wangu, akamwambia mbele yangu kwamba nisipopumzika nitawaacha watoto kabla ya wakati wangu.

Ndugu wakakaa na kushauriana. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi Kifanya, alikubali kumchukua mtoto mpaka nipate nguvu. Alimpenda mjukuu wake, na kwa sababu alimpenda alisema ukweli. "Macho yangu hayaoni mbali, na mto uko karibu," alisema. "Nitamfunga kamba mguuni. Sitamwumiza, ila lazima nimfunge."

Sikumlaumu. Lakini kila nilipofumba macho niliiona kamba ile.

Misheni ilikuwa na nyumba ya mapumziko nje kidogo ya Makambako. Baada ya mavuno, familia za walimu na wainjilisti ziliweza kwenda kukaa huko kwa wiki moja, wakapikiwa, wakasali pamoja na kupumzika. Aliyetaka nafasi alipeleka habari mapema kwa bibi mtunzaji, mjane wa makamo aliyeiendesha nyumba ile kwa mkono mkali, ili atengewe chumba. Mume wangu akasema tujaribu huko kwanza, mimi na mtoto, kabla ya Kifanya. Nilikuwa nimewahi kupita pale. Nilikumbuka safu ya vyumba vya bati vilivyopakwa chokaa, na nyuma yake nyumba ya zamani ya nyasi. Nikaamua kuomba ile ya nyasi.

Habari aliipeleka binamu wa mume wangu, dereva wa lori la Mhindi mmoja lililobeba mahindi na magome ya miti ya miwati kati ya Njombe na Makambako. Aliporudi alisimama mlangoni huku akitabasamu.

"Shemeji, una bahati. Umepewa chumba cha kwanza. Kile wanachomlaza mchungaji akitoka mbali."

"Kina bati?"

"Bati jipya. Linang'aa mpaka macho yanauma."

"Hukumwambia naomba cha nyasi?"

"Nilimwambia. Akaniuliza kama mwalimu amefukuzwa kazi."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba shemeji arudi na maneno yaliyo wazi zaidi: mtoto ni mgonjwa wa sauti, anaogopa bati, tafadhali tupewe ile nyumba ya nyuma. Safari iliyofuata jibu likaja.

"Bibi anasema mtoto asiogope. Bati halivuji."

"Nani amesema linavuja?"

"Mimi sijui, shemeji. Anasema pia misumari yote ipo, na ile nyumba ya nyuma ni jiko, na tangu azaliwe hajawahi kumlaza mgeni jikoni, wala hataanza na mke wa mwalimu." Akavua kofia yake, akajipangusa uso. "Mimi nabeba mahindi. Maneno yenu ninyi wawili ni mazito kuliko mahindi."

Nilimwelewa bibi yule, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa. Kwetu sisi Wabena mgeni hupewa kilicho bora. Nami kama mgeni angeniomba kulala jikoni, ningedhani ananipima, au amesikia kwamba nyumba yangu ina wivu wa vitu vizuri. Kadiri nilivyoomba kidogo, ndivyo alivyonikuzia heshima. Nikamwambia mume wangu basi, tuache, mtoto aende Kifanya.

Alikuwa akimenya viazi, kwa maana siku hizo mimi sikuweza kusimama jikoni kwa muda mrefu. Hakuinua kichwa.

"Bibi yule amesikia habari za mtoto," alisema. "Hajamwona. Wewe mwenyewe, kabla hujamzaa, mtu angekuambia kuna mtoto anayeumizwa na bati, ungeelewa?"

"Nisingeelewa."

"Basi mpeleke amwone. Akikataa, panda lori urudi, twende Kifanya kwa moyo mweupe."

Tukaenda. Mtoto aliketi katikati yetu mbele ya lori, akiwa ameegemeza shavu kwenye mkono wangu, akitulizwa na mngurumo wa injini njia nzima. Shemeji aliendesha polepole kuliko kawaida yake. Kwenye mashimo alisema, "Samahani, baba," kana kwamba amembeba mzee wa kanisa.

Tulifika baada ya chakula cha mchana. Bibi mtunzaji alikuwa amesimama uani, kitenge kipya kifuani, mikono miwili tayari kupokea.

"Kamwene, mama mwalimu. Karibu, karibu. Chumba kinawangoja."

Kweli kilikuwa kinatungoja. Kitanda cha chuma kilikuwa na shuka nyeupe zilizopigwa pasi, na juu ya meza ndogo palikuwa na maua ndani ya kopo la maziwa. Nililiangalia kopo lile kwa shukrani, maana mtu hachumi maua kwa ajili ya mtu anayemdharau. Mtoto aliketi kitandani akaanza kuipapasa shuka kwa kiganja. Nikaanza kufikiri labda nimekosea.

Wanaoijua Makambako wanaujua upepo wake. Haukuchelewa. Ulikuja kutoka upande wa barabara, ukaingia chini ya bati, na paa zima likalia, kisha likagonga, kisha likalia tena. Mtoto alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Aliteleza chini ya kitanda, akatokea upande wa pili, akampita bibi mlangoni, na maua yakaanguka. Tulimfuata. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwenye lile jiko la nyasi, akajibanza nyuma ya kuni, ukutani, mahali paa liliposhuka chini karibu kugusa sakafu yenye majivu. Tulipofika alikuwa bado anatetemeka, lakini alikuwa kimya. Alikuwa ameinua mkono, akichomoa unyasi mmoja kutoka kwenye paa.

Bibi alisimama mlangoni. Nilidhani atakasirika.

"Ndiyo hivi?" aliuliza.

"Ndiyo hivi, bibi."

"Kila siku?"

"Kila penye bati."

"Na kanisani?"

"Huwa tunakaa nje."

Akaangalia mafiga yake, vyungu vyake, moshi ulioziba dari kwa miaka. "Mgeni wangu alale humu," alisema, si kwangu, kama mtu anayeonja neno gumu. "Washarika watasema nini? Watasema nimemlaza mke wa mwalimu na masufuria."

"Mimi naweza kulala popote, bibi. Ni yeye."

Aliinama, akachuchumaa kwa shida mbele ya mtoto, magoti yakilia. Mtoto hakumtazama usoni, hamtazami mtu usoni hata leo. Lakini alichomoa unyasi wa pili, akauweka mkononi mwa bibi. Nyumbani unyasi alikuwa akimpa baba yake tu.

Bibi akaushika ule unyasi kama aliyepewa kitu cha kutunza. Aliinuka, akatoka nje, akawaita wasichana wawili waliomsaidia kupika.

"Toeni mafiga. Leo tunapika uani."

"Na upepo huu, bibi?"

"Wekeni kizuizi cha mabua. Mnataka nipike mimi?"

Jioni ile ile jiko lilifagiliwa, kuta zikapanguswa masizi, na sakafu ikasiribwa kwa udongo mbichi kuzunguka mahali petu. Hakuleta kitanda, kwa sababu nilimwambia mtoto hulala chini. Alileta mikeka miwili mizuri, zile shuka nyeupe, mablanketi, na maua yake katika kopo lile lile. Jua lilipokaribia kuzama nilimwona akija tena, safari hii amebeba mkeka wa tatu na blanketi lake mwenyewe begani.

"Bibi, hizi zinatutosha."

"Hizi ni zangu. Nimehamia."

"Utaacha kitanda chako?"

"Mgeni nikimwacha jikoni peke yake, nimemlaza jikoni. Nikilala naye, hapa ni kwangu, na wewe umekaribishwa kwangu. Nani atanisema?" Akatandika mkeka wake mlangoni kabisa, akavuta mlango nyuma yake. "Na anayetaka kutoka atapita juu yangu. Mimi usingizi wangu ni mwepesi tangu nikiwa msichana. Wewe lala."

Tuliomba pamoja. Yeye aliomba kwa Kibena, sala fupi, akashukuru kwa mahindi, kwa dereva aliyefika salama, na kwa wageni waliomletea kazi. Nililala nikiwa nimeshika pindo la shati la mtoto, kama kawaida yangu.

Nilipofumbua macho, mkononi mwangu hapakuwa na kitu.

Niliruka. Jua lilikuwa limeshapanda, mwanga ukipenya kwenye nyasi mahali zilipochomolewa, ukaanguka sakafuni kwa vidoadoa. Mkeka wa mtoto ulikuwa mtupu, na wa bibi umekunjwa. Nilitoka nje bila kitambaa kichwani. Wasichana walikuwa wanapika chakula cha mchana nyuma ya mabua, wakaanza kuniamkia, na mmoja, kwa kuona uso wangu, akanyoosha kidole kuelekea bustanini.

Bibi alikuwa ameketi chini kati ya matuta ya maharage, miguu ameinyoosha. Mwanangu alikuwa ameketi kando yake, wamegusana mabega. Bibi alikuwa na fungu la nyasi mapajani, akimpa mmoja mmoja, na yeye akiupokea, akiuangalia, kisha akiuchomeka wima kwenye udongo. Walikuwa wamekwisha kuzungushia nyasi karibu tuta zima.

"Bibi, nisamehe, nimelala mpaka saa hizi."

"Rudi ukalale."

"Amekula?"

"Amekula uji, amekula kiazi, na paa langu amelila robo. Mkimaliza wiki nitakuwa nalala nje." Alisema hivyo bila kugeuka, akichagua unyasi mwingine ulionyooka. "Mwambie dereva wenu akipita aniletee nyasi za kuezekea, mzigo mkubwa. Mwakani mtoto akija atazikuta zimekauka vizuri."

Nilisimama pale kidogo. Mtoto hakunitafuta. Kisha nikarudi ndani, nikajilaza juu ya shuka nyeupe, na nilimsikia bibi akimwambia habari ndefu ya maharage kwa Kibena, sauti moja isiyokatika, mpaka sikumsikia tena.