Herufi ya Robi kwenye Jani la Tumbaku

Harufu ya tumbaku mbichi hunirudisha mwaka wa unga wa yanga, tulipokula ugali wa njano wa msaada, mgumu kama kisigino, na sufuria tukailamba. Msiniulize tarehe. Miaka mimi naihesabu kwa tumbo.

Ndio mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Dada yangu Robi alikuwa na surua, na mama alimlaza nje, kando ya tumbaku ya baba. Robi alikuwa darasa la nne. Mimi shule niliisikia kwake tu. Jua la saa sita lilipowaka, alipanga vijiti vya nyasi juu ya jani pana, akavibana kwa miiba, vikawa R.

"Bhoke, mjinga wangu, kijani kinaogopa jua," alisema. "Jani litapauka, lakini chini ya nyasi kitabaki. Usiguse mpaka niamke."

Hakuamka.

Tulimzika asubuhi, nyuma ya nyumba. Saa sita lori la kutuhamisha likapiga honi. Nikaondoa nyasi: R ilikuwa pale, kijani kilichokolea katikati ya jani lililopauka. Nikalichuma, nikalifunga ndani ya khanga ya mama, nikalikumbatia njia nzima.

Tuliposhushwa, mama, aliyeiona ile R nikilichuma, alisema, "Nionyeshe mwanangu Robi." Nikafungua. Jani lilikuwa kijani kote.

Mama akaniuliza polepole, "Umemfuta?"

Afadhali angenipiga.

Msimu uliofuata baba aliniita kuvuna tumbaku. Nikamwambia, "Sichumi. Hata mkinichapa, sichumi." Alinichapa. Sikuchuma.

Nimekuja kuelewa uzeeni. Mjukuu wangu anasoma sayansi, na huyo najivunia mpaka majirani wamechoka. Anasema ndani ya jani kuna vichembe vya kijani vinavyotembea. Jua likiwa kali, vinajibanza ukutani kama ng'ombe wanaobanana kwenye ua wa boma. Likiondoka, vinarudi na kutawanyika. Kumbe lilikuwa giza la khanga. Mkono wangu haukumfuta mtu.

Vichembe vilirudi mahali pake. Sisi hatukurudi. Robi alibaki nyuma ya nyumba isiyo na watu, na mama alikufa akiamini nilimfuta.

Juzi mjukuu aliniita penye tumbaku ya jirani. "Bibi, chuma jani moja tu, nikuonyeshe."

Nikamwambia, "Sichumi. Hata mkinichapa, sichumi."