Padri Sospeter Mlangoni pa Kigango

Asubuhi hiyo Padri Sospeter alifika machimboni na pikipiki yake iliyojaa vumbi, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha chakula.

"Mwangaluka, Mama Kulwa," alinisalimia kwa Kisukuma, ingawa yeye alikuwa Msumbwa wa Ushirombo na lafudhi ilimsaliti.

Alikunywa uji, kisha akaenda kuwaungamisha wachimbaji waliotoka shimoni, wamekaa naye juu ya viroba vya mawe. Wengi pale machimboni hawakuwa Wakatoliki. Walimpenda kwa sababu aliwatembelea wagonjwa wao, akawapatanisha na wake zao, na hakuwahi kumwita mtu mhuni.

Vita vyetu vilianzia chini ya ardhi. Duara la kina mume wangu, yaani shimo lao la dhahabu, lilikutana na duara la vijana waliotoka Shinyanga. Kila upande ukadai mwamba ni wake. Walianza kwa matusi, wakaenda kwenye mawe, na wiki hiyo mapanga yakatoka.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nachagua maharage niliposikia kelele. Masanja, mume wangu, alikuwa amempiga kijana mmoja wa Shinyanga kichwani kwa sururu. Kijana huyo aliitwa Shija. Hakuamka.

Wenzake wakaanza kuchoma vibanda.

Tulikimbilia kigangoni, kanisa dogo la mabati, wanawake na watoto, Padri pamoja nasi. Masanja akaingia nyuma yetu, shati limelowa damu.

"Ni wewe?" Padri alimuuliza.

"Ni mimi, Padri."

"Kaa chini. Polisi wakifika, nitakupeleka mwenyewe."

Akatoka, akaufunga mlango. Nilichungulia kwenye upenyo wa mabati.

Mbele ya kundi lililotufuata alikuwa Maduhu. Padri ndiye aliyemfungisha ndoa.

"Shikamoo, Padri," alisema, panga mkononi. "Tupishe."

"Marahaba. Sitapisha."

"Amemuua Shija."

"Najua. Atakwenda kujibu, nami nitakwenda naye. Humu ndani kuna watoto, Maduhu. Weka panga chini."

Maduhu alisita. Nilimwona.

Jiwe likatoka nyuma yake.

Lilimpata Padri kwenye paji la uso. Akapiga magoti. Mmoja akataka kumruka aufikie mlango, Padri akamkamata mguu.

Panga la yule kijana likamshukia Padri mkononi. Likashuka tena, shingoni.

Maduhu alitupa panga lake, akamlalia Padri mwili mzima, akiwapigia wenzake kelele waondoke. Waliondoka. Sijui kama ni kwa kelele zake au kwa kile walichokiona pale chini.

Tulimpakia kwenye gari la mfanyabiashara mmoja. Nilimshika kichwa, khanga yangu ikiwa imekandamizwa shingoni.

"Masanja?" aliuliza.

"Yupo ndani."

"Wasimguse."

Alikata roho kabla hatujafika hospitali ya Geita.

Jioni Masanja alijisalimisha polisi. Alifungwa miaka mingi. Sasa amerudi, tunalima pamba huku Samuye. Hataki kusikia habari za machimbo. Akicheka na wajukuu, ninafurahi, kisha nakumbuka furaha hiyo imenunuliwa kwa gharama gani.

Mwaka jana nilikwenda kulipalilia kaburi la Padri. Nikamkuta mama mmoja ameshaanza. Alikuwa mama yake Shija.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alinitazama. "Nasikia mumeo ametoka."

"Ametoka."

"Mimi namlaumu Padri," alisema. "Angeliwapisha, wangelipata walichokitaka, wangelirudi nyumbani, na yeye angelikuwepo kumzika mwanangu. Shija alizikwa bila padri."

Mume wangu alikuwa shambani, mzima.

"Mbona basi unapalilia?" nilimuuliza.

"Alimbatiza mwanangu."

Akanisogezea nafasi upande wa pili. Nikainama, nikaanza kung'oa majani.