Fremu ya Babu, Miguu ya Baba

"Shangazi, unawezaje kumwambia mtu mzima kwamba ni mfupi?"

Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza hivyo. Alikuwa amebana spoki mbili kwa meno, kwa hiyo alinijibu kwa nyusi tu, kisha akanituma bisibisi.

Shangazi yangu ni fundi baiskeli. Watu wanamwita Mama Rula. Ukimwambia unataka baiskeli ya safari ndefu, haangalii baiskeli, anaangalia miguu yako. Utavua viatu, utaegemea ukuta, utabana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, juu kabisa, kama umekalia tandiko. Yeye anaweka alama ya penseli pale kitabu kilipofika, halafu anapima kutoka hapo mpaka sakafuni. Ukuta wake umejaa vistari mpaka karibu na dirisha. Kitabu chenyewe ni cha hesabu za darasa la sita, na sijawahi kuona mtu akikifungua.

Siku niliyouliza, mteja alikuwa baba yangu, ambaye ni mdogo wake. Babu alipofariki alimwachia baiskeli yake, na baba alikuwa ameapa kuiendesha hadi kwa rafiki yake wa ujana, kilomita mia nne, na hema na mizigo yote nyuma. Likizo ya kwenda huko aliisubiri miaka sita.

Shangazi akapima. Akapima tena.

"Wewe ni wa fremu ya sentimita hamsini na mbili," akasema. "Hii ni ya sitini."

"Kwani ina ubaya gani? Baba ameiendesha miaka thelathini."

"Baba alikuwa mlingoti. Wewe ni stuli."

"Dada!"

"Stuli nzuri tu, lakini stuli."

Baba akasema atateremsha tandiko, yaishe. Shangazi akamweleza taratibu kwamba tandiko hushuka, lakini bomba la juu la fremu halishuki. Tena usukani utabaki mbali, ataendesha amejinyoosha kama mtu anayechungulia kisima, na siku ya tatu mgongo na magoti vitagoma akiwa peke yake barabarani. Baba hakutaka kusikia. Kuiacha fremu ile aliona ni kama kumfungia babu nje.

"Haya," akasema shangazi. Akafunga mifuko miwili nyuma, kila mmoja na matofali manne. "Zunguka mtaa. Ukirudi hujaanguka, nenda nayo."

Hakufika hata kona. Mama mmoja mwenye kapu alikatiza barabara, baba akashika breki, akateleza mbele ya tandiko akiitafuta ardhi kwa ncha za vidole. Hakuipata. Bomba lilimgonga mahali ambapo sitapaandika. Kisha yeye, baiskeli na matofali wakalala chini polepole, wote kwa pamoja.

"Pole, baba," akasema yule mama. "Mwenye baiskeli yuko wapi?"

Baba alinuna wiki nzima. Baiskeli aliiacha kwa dada yake, hakupita huko, hakumpigia simu. Shangazi naye, kimya kimya, akatafuta fremu ya hamsini na mbili, akaipaka rangi ileile ya kijani, akahamishia huko magurudumu ya babu, keria ya babu, kengele yake, na tandiko lake la ngozi ambalo bado lilikuwa limebonyea pale alipokuwa akikaa. Akaisukuma kwa mkono mpaka mlangoni kwetu.

Baba akalivuka bomba, akasimama. Nyayo zake zote mbili zilikuwa chini, na nafasi ikabaki kati yake na bomba. Alikaa hivyo muda mrefu, kidole kwenye kengele, bila kuipiga.

"Asante, dada," akasema.

Alienda akarudi. Siku kumi na nne, pua imebabuka kwa jua, suruali inamvuka, na ngazi za nyumbani akazipanda mbili mbili. Mpaka leo nikimwona akichuchumaa kufunga viatu bila kuguna, namshukuru shangazi moyoni.

Mwezi uliopita nilimuuliza tena swali langu lile la utotoni, la kumwambia mtu mzima kwamba ni mfupi. Nilidhani atacheka, maana kazi hii ameifanya miaka mingi na nilijua ameshazoea. Aliweka rimu chini, akajifuta grisi.

"Naogopa, mwanangu. Kila mara naogopa. Baba yako aliponuna nilisema basi, nimempoteza ndugu yangu kwa sababu ya bomba. Lakini afadhali aninunie akiwa na magoti yake mazima."